Picha ya Eksirei Huchorwa na Mwanga

Filamu ya kifua ikitundikwa kwenye sanduku la taa, pengine huonekana kitone cheupe juu ya pafu, kisichozidi kichwa cha pini. Daktari aliyeanza kazi juzi atakitilia shaka: je, ni kovu la kifua kikuu cha zamani? Mpiga eksirei mzoefu kwanza huuliza ni kaseti gani iliyotumika, kisha huzitazama filamu nyingine zilizotoka kwenye kaseti hiyohiyo. Zikiwa zote zina kitone palepale, mgonjwa hana neno. Kaseti ndiyo iliyoingia vumbi.

Hapo pana swali. Eksirei inapenya ngozi, nyama na shati; iweje izuiwe na punje ya vumbi? Haikuzuiwa. Kilichozuiwa ni mwanga wa kawaida. Ndani ya kaseti, filamu hubanwa katikati ya skrini mbili nyeupe zilizopakwa unga unaong'aa kila unapopigwa na eksirei, na mng'ao huo ndio unaoipiga filamu. Katika picha za aina hii, zaidi ya asilimia 95 ya weusi unaouona umeletwa na mwanga wa skrini. Eksirei yenyewe imechangia kile kidogo kilichobaki. Wengi waliopigwa picha hizi hawajawahi kuambiwa hivyo, na sishangai, kwa sababu jina lenyewe linapoteza watu.

Ili kuelewa kwa nini mambo yamepangwa hivyo, tuanze na filamu. Mwili wake ni poliesta yenye unene wa karibu milimita 0.18, mara nyingi imetiwa rangi ya buluu hafifu ili macho ya msomaji yasichoke. Pande zote mbili imepakwa emulsheni, yaani jelatini iliyobeba mamilioni kwa mamilioni ya fuwele za bromidi ya fedha zenye iodidi kidogo. Fuwele moja ina upana wa takriban mikroni moja, elfu moja ya milimita. Kwa uzito, asilimia 57 ya bromidi ya fedha ni fedha, ileile ya pete na mikufu.

Chembe ya mwanga ikiigonga fuwele, hung'oa elektroni moja kutoka kwenye ioni ya bromidi. Elektroni hiyo huzurura ndani ya fuwele mpaka inaswe mahali penye dosari. Ikishanaswa huvuta ioni ya fedha, na zikikutana huzaliwa atomu moja ya fedha halisi. Jambo hilo likirudiwa mpaka atomu nne hivi zikakaa pamoja, fuwele imeshapata alama. Hakuna jicho wala hadubini ya kawaida itakayoiona. Maelezo haya yalitolewa na Ronald Gurney na Nevill Mott huko Bristol, Uingereza, mwaka 1938. Kwa hiyo kwa karibu karne nzima kabla yao watu walikuwa wakipiga picha na kuziuza bila kujua sawasawa ndani ya fuwele kunatokea nini.

Na hiyo dosari inayoinasa elektroni inatoka wapi? Katika miaka ya 1920 kiwanda cha Kodak kule Rochester, Marekani, kilisumbuliwa na jelatini. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, na shehena moja ilitoa filamu nyepesi kushika mwanga, nyingine ikatoa filamu nzito, ilhali mapishi ni yaleyale. Mkemia Samuel Sheppard ndiye aliyefumbua fumbo hilo, akatangaza matokeo yake mwaka 1925. Jelatini nzuri ilikuwa na chembechembe za misombo ya salfa, aina ile inayoipa haradali ukali wake, na ilifika humo kupitia majani waliyokula ng'ombe. Salfa hiyo huunda vidoa vya salfidi ya fedha juu ya fuwele, na vidoa hivyo ndivyo vituo vya kunasia elektroni. Tangu hapo viwanda viliacha kutegemea malisho ya ng'ombe, vikaanza kutia salfa kwa kipimo. Mwaka 1936, kwenye kampuni ya Agfa nchini Ujerumani, ikagunduliwa kwamba dhahabu kidogo sana ikiongezwa, wepesi wa filamu unapanda zaidi.

Atomu nne si picha. Picha hutoka kwenye developa, maji yenye haidrokwinoni na fenidoni, alkali ya kuyapa nguvu, na sulfiti ya kuyalinda yasiharibiwe na hewa. Kazi ya developa ni kugawa elektroni, na hupendelea kuzipa fuwele zenye alama. Fuwele yenye alama hugeuka yote kuwa fedha nyeusi: kutoka atomu nne hadi mabilioni. Ni kama vibuyu viwili vya maziwa, kimoja kimetiwa kijiko cha mtindi na kingine hakikutiwa. Asubuhi kimoja kimeganda. Lakini ukiviacha vyote siku mbili tatu, hata kile kisichotiwa kitu kitachacha. Filamu nayo ikikaa mno kwenye developa, fuwele zisizoguswa na mwanga huanza kugeuka, na picha yote hufunikwa na ukungu wa kijivu.

Hii ndiyo sababu joto lina sauti kubwa katika chumba cha giza. Wanaosafisha filamu kwa mkono huambiwa dakika 5 kwa nyuzi joto 20. Sasa nenda Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ukapime maji yaliyotoka kwenye tangi la juu ya paa: utakuta nyuzi 28 na kuendelea. Developa ya joto hilo hukimbia, na jelatini huvimba na kulegea kiasi cha kukwaruzwa na ukucha. Ukiongozwa na saa peke yake utaiunguza filamu. Ukiongozwa na macho chini ya taa nyekundu utaitoa mapema ukiogopa weusi, na mifupa itatoka imepauka. Kipimajoto ni kifaa cha bei ndogo, na bado ndicho cha kwanza kukosekana kwenye vyumba hivi. Mashine za kusafishia zilizoenea tangu miaka ya 1960 hupasha developa hadi nyuzi 35 hivi na kumaliza kazi yote kwa sekunde 90, lakini dawa zake zina glutaraldehaidi ya kuikaza jelatini isiyeyuke kwenye roda.

Baada ya developa filamu huingia kwenye fiksa, yenye harufu ya siki kwa sababu ndani yake mna asidi ya asetiki. Ikiingia, sehemu zisizopata mwanga bado ni nyeupe kama tui. Dakika chache baadaye utui huo umeondoka na filamu inaonyesha upande wa pili. Anayefanya kazi hiyo ni thiosulfati, chumvi inayoiyeyusha bromidi ya fedha iliyobaki. John Herschel aliijua tabia yake hiyo mwaka 1819, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa ulimwengu. Kisha huja kuosha, hatua inayodharauliwa kuliko zote. Kama nyumbani una filamu ya zamani kwenye bahasha ya kaki, na imeingia madoa ya manjano na hudhurungi, basi haikuoshwa ikatakata. Thiosulfati iliyosalia ndani ya jelatini imekuwa ikiigeuza fedha kuwa salfidi, polepole, mwaka hadi mwaka.

Poliesta nimeitaja juu kwa juu, nayo ina historia nzito. Filamu za mwanzo zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu cha ukoo mmoja na baruti ya pamba. Ikishika moto haizimiki hata chini ya maji, maana oksijeni inayohitaji imeibeba yenyewe. Tarehe 15 Mei 1929, kwenye hospitali ya Cleveland Clinic huko Ohio, Marekani, filamu za eksirei zilizorundikwa ghalani chini ya jengo zilifikiwa na joto. Watu 123 walikufa, wengi wao bila kuguswa na ndimi za moto. Waliuawa na oksidi za naitrojeni na monoksidi ya kaboni iliyopanda vyumbani. Filamu salama ya asetati ya selulosi ilikuwa tayari sokoni. Zile za zamani ziliendelea kutumika na kutunzwa kwa mazoea tu.

Turudi kwenye skrini. Tatizo kubwa la eksirei ni kwamba filamu haijui kuikamata. Emulsheni ni nyembamba, na kati ya miale 100 inayofika, mmoja au miwili tu ndiyo husimama humo. Mingine hupita na kwenda zake, ikiwa imeshapita mwilini mwa mgonjwa bila faida. Kuinenepesha emulsheni hakusaidii sana, kwa kuwa dawa hazitapenya vizuri na fedha ni ghali. Daktari wa meno huivumilia hasara hiyo: ile filamu ndogo anayokutia mdomoni haina skrini, kwa sababu anataka kuuona ufa mwembamba kwenye jino na eneo linalopigwa ni dogo. Kwa kiuno au tumbo huo ungekuwa ukatili.

Wilhelm Röntgen mwenyewe, jioni ile ya tarehe 8 Novemba 1895 huko Würzburg, aliigundua eksirei kwa mng'ao wa kipande cha karatasi kilichopakwa platinosianidi ya bariamu. Vioo vya picha alivitumia baadaye. Mkono wa mkewe, uliopigwa mwezi uliofuata, ulihitaji takriban robo saa. Mwanzoni mwa 1896 Thomas Edison alijaribu chumvi kwa maelfu akitafuta inayong'aa zaidi, akaichagua tangisteti ya kalsiamu. Katika majira hayohayo Michael Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliigusanisha skrini ya namna hiyo na kioo cha picha, akapiga mkono uliojaa risasi za gobori kwa sekunde chache. Edison aliachana na eksirei baada ya msaidizi wake, Clarence Dally, kuharibika mikono; Dally alifariki mwaka 1904. Ila chumvi aliyoichagua ilidumu kwenye kaseti za dunia nzima kwa miaka zaidi ya 70.

Iliyokuja kuing'oa ni oksisulfidi ya gadoliniamu iliyotiwa terbiamu, katika miaka ya 1970. Faida yake ni mbili. Tangisteti hugeuza kuwa mwanga kama asilimia 5 tu ya nishati inayoinasa. Gadoliniamu hugeuza asilimia 15 au zaidi. Pia elektroni za ndani za gadoliniamu huanza kuinasa eksirei kwa nguvu inapofika kiloelektroni-volti 50.2, wakati za tangisteni, iliyo ndani ya tangisteti, husubiri hadi 69.5, na sehemu nzuri ya miale inayotumika hospitalini iko kati ya namba hizo mbili. Chembe moja ya eksirei ikinaswa hapo, hutoka chembe za mwanga zaidi ya elfu tatu. Hesabu hiyo si ya maabara tu. Maana yake ni kwamba mjamzito aliyelazimika kupigwa picha alipata sehemu ndogo tu ya mionzi ambayo mama yake angepata kwa picha ileile. Ukiniuliza, badiliko hilo la unga ndani ya kaseti liliwakinga wagonjwa wengi kuliko aproni za risasi zinazotundikwa mlangoni.

Lilikuja na masharti. Mwanga wa gadoliniamu ni kijani, na bromidi ya fedha kwa asili huona buluu tu. Ikabidi fuwele zivikwe rangi inayopokea kijani, mbinu aliyoivumbua Hermann Vogel, Mjerumani, mwaka 1873. Kwa hiyo taa ya chumba cha giza nayo lazima ibadilike: ile ya rangi ya kaharabu iliyofaa kwa filamu za zamani huichoma filamu ya kijani. Kituo kikibadilisha filamu kisibadilishe taa, kila picha itatoka na ukungu, na lawama zitaangushiwa developa.

Fedha iliyoyeyuka, kwa upande wake, haipotei. Fiksa iliyochoka hubeba gramu kadhaa za fedha kwa lita, na ni sumu kwa viumbe vya majini ikimwagwa mtaroni. Fedha hiyo hukusanywa ama kwa umeme, ama kwa kuipitisha fiksa kwenye nyuzi za chuma kama zile za kusugulia masufuria: chuma huyeyuka, fedha hubaki. Mtu anayepita hospitalini kununua filamu kuukuu kwa kilo anajua anachokifuata.

Siku hizi hospitali nyingi zimevunja vyumba vya giza, na watu husema kemia imekwisha. Haikwisha. Bamba la eksirei lililoletwa na Fuji mwanzoni mwa miaka ya 1980 limepakwa fluorobromidi ya bariamu yenye yuropiamu. Elektroni hunaswa humo vilevile, ila badala ya developa huzinduliwa kwa leza nyekundu na kutoa mwanga wa buluu unaosomwa na mashine. Paneli za kidijitali nazo zina sindano nyembamba za iodidi ya seziamu zinazogeuza eksirei kuwa mwanga na kuuongoza usitawanyike. Skrini ipo, kilichoondoka ni fedha iliyokaa nyuma yake.

Na fedha yenyewe hurudi kupitia printa. Filamu kavu unayokabidhiwa baada ya picha ya kidijitali, mara nyingi, ina behenati ya fedha, chumvi ya asidi ya mafuta ambayo hupatikana pia katika mafuta ya mbegu za mlonge. Developa yake imo ndani ya filamu hiyohiyo, ikisubiri joto la printa kuiamsha, na hakuna fiksa inayoiondoa fedha isiyotumika. Ndiyo maana filamu ya namna hii haifai kuachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, wala juu ya friji karibu na jiko. Iweke kabatini penye ubaridi na giza, na kama hospitali inaweza kukupa nakala kwenye diski, ichukue hiyo pia.