Mbacha na Msala: Maana ya "Bila Kikomo" katika Mkataba wa Simu

Utangulizi

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni mkeka wa kuswalia, na huu upitao una mwenyewe, ukishapita huenda usiuone tena. Methali hii hufunzwa darasani kana kwamba jibu lake ni moja tu: shikilia ulicho nacho. Makala haya yanaichunguza kupitia swali lililowakabili wateja wengi wa simu nchini Marekani, hasa kati ya mwaka 2010 na 2017. Mtu anaponunua rununu mpya, je, aushikilie mpango wake wa zamani wa data isiyo na kikomo, au auache? Swali hili ni la biashara, lakini ndani yake mna swali la lugha linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: neno "kikomo" linakomea wapi?

Chanzo cha tatizo

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza tukumbuke kwamba soko la simu la Marekani lilikuwa tofauti na letu. Hapa Kenya, aghalabu mtu hununua simu kivyake na data kivyake, tena kwa malipo ya kabla. Kule, kwa miaka mingi, kampuni ya mtandao ilimuuzia mteja simu kwa bei ya ruzuku, naye akajifunga kwa mkataba wa miaka miwili. Simu na mpango wa data vilikuwa chanda na pete, na kubadilisha kimoja kukawa ni kukigusa kingine.

Simu za kisasa zilipoanza kuenea, kampuni ziliuza data bila kipimo kwa bei moja. Ya AT&T ilifikia dola 30 kwa mwezi. Baadaye matumizi yaliongezeka na kampuni zikabadili nia. Mnamo Juni 2010, AT&T iliacha kuuza mpango huo kwa wateja wapya, ikaanzisha vifurushi vya megabaiti 200 kwa dola 15 na gigabaiti 2 kwa dola 25. Verizon ilifuata Julai 2011. Hata hivyo, wateja wa kitambo waliachiwa mpango wao, na ghafla kitu cha kawaida kikawa adimu.

Mwaka 2012 Verizon iliongeza sharti. Kuanzia Juni 28 mwaka huo, mteja wa kitambo aliyenunua simu kwa bei ya ruzuku angepoteza data yake isiyo na kikomo. Aliyetaka kuihifadhi alitakiwa kuinunua simu kwa bei kamili. Hapo ndipo mbacha na msala vilipowekwa mbele ya mteja, akaambiwa achague.

Hesabu kabla ya hisia

Wengi walilijibu swali hili kwa moyo, ilhali lilihitaji kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa iPhone 5, iliyotoka Septemba 2012. Simu hiyo iliuzwa kwa dola 199 kwa mkataba, na dola 649 bila mkataba. Tofauti ni dola 450. Ukiigawa kwa miezi 24 ya mkataba, unapata dola 18.75 kwa mwezi. Hii ndiyo iliyokuwa bei halisi ya kuung'ang'ania mpango wa zamani, juu ya zile dola 30 za kila mwezi.

Sasa tulinganishe na vifurushi vya Verizon vya Julai 2011 kama kipimo. Gigabaiti 2 ziliuzwa dola 30, gigabaiti 5 dola 50, na gigabaiti 10 dola 80. Mtu aliyetumia chini ya gigabaiti 2 kwa mwezi hakufaidika hata senti moja kwa kuushikilia mpango wake wa zamani, kwani kifurushi kidogo kilikuwa na bei ile ile. Angekuwa ametoa dola 450 bure. Aliyetumia gigabaiti 5 angeokoa dola 20 kwa mwezi, yaani dola 480 kwa miaka miwili. Baada ya kutoa zile 450, angebakiwa na dola 30 tu. Lakini aliyetumia gigabaiti 10 angeokoa dola 1,200, na baada ya kulipia simu angebakiwa na dola 750. Ni dhahiri, basi, kwamba methali yetu ilimfaa mmoja, ikampotosha mwingine, na kwa wa tatu mizani ikakaribia kulingana. Kilichowatenganisha ni kipimo cha mahitaji yao.

Kikomo cha nini?

Hesabu hiyo inachukulia kwamba "bila kikomo" ina maana inayodaiwa. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kuingilia kati. Neno "kikomo" limeundwa kutokana na mzizi -kom- wa kitenzi "koma", kiambishi cha ngeli ki-, na -o ya unominishaji. Ni nomino inayodai kijalizo: kikomo cha nini? Tunaposema "bila kikomo" tukakomea hapo, tunamwachia msikilizaji ajaze pengo mwenyewe, naye hulijaza kwa matumaini yake.

Data ina vikomo visivyopungua vitatu. Kuna kikomo cha kiasi, yaani ni gigabaiti ngapi. Kuna kikomo cha kasi, yaani zinapita upesi kiasi gani. Kuna pia kikomo cha matumizi, kwa mfano iwapo unaruhusiwa kuigawia tarakilishi yako data kutoka kwenye simu. Kampuni yaweza kuondoa kikomo cha kwanza na kuviacha viwili vilivyobaki, kisha ikadai kwamba haijasema uongo.

Hayo si mambo ya kudhania. Mwaka 2011 AT&T ilianza kupunguza kasi ya wateja wa mpango huo waliotumia data nyingi. Mnamo Machi 2012 ilitangaza viwango: gigabaiti 3 kwa mwezi kwa wengi, na 5 kwa wenye simu za LTE. Aliyevuka kiwango hakukatiwa data, ila kasi ilishuka mno. Oktoba 2014, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo, ikidai kwamba wateja wasiopungua milioni 3.5 walikuwa wameathirika. Kesi ilimalizika kwa makubaliano Novemba 2019: AT&T ilikubali kulipa dola milioni 60, na ikazuiwa kutangaza data isiyo na kikomo bila kuonyesha wazi mipaka yake. Ukitazama kwa makini, mzozo mzima ulihusu kijalizo kilichoachwa nje ya sentensi.

Mbacha nao huchakaa

Mambo hayakusimama. Mwishoni mwa 2015 Verizon iliongeza dola 20 kwa mwezi kwenye bei ya mpango wa zamani kwa wateja ambao hawakuwa na mkataba. Bandu bandu huisha gogo. Februari 2017, Verizon na AT&T zote mbili zilirejea kumuuzia kila mteja data isiyo na kikomo. Hata hiyo mpya ilikuwa na mipaka: mteja wa Verizon aliyepita gigabaiti 22 kwa mwezi angeweza kurudishwa nyuma ya wengine palipo na msongamano. Wakati huo pia simu za ruzuku zilikuwa zimepisha mtindo wa kulipa bei kamili kidogo kidogo. Uadimu ulioupa mpango wa kitambo thamani yake ulikuwa umekwisha.

Nina binamu yangu aliyehamia Marekani nikiwa ningali katika shule ya msingi. Alikuwa na mpango wa kitambo, na kwa hofu ya kuupoteza alikaa miaka mingi na simu iliyopasuka kioo. Kila Jumapili nyanya yetu alipoinua simu kumtazama mjukuu wake, alimwona kama kivuli nyuma ya ukungu. "Huyu ni yeye kweli?" aliuliza. Binamu yangu alipoketi hatimaye kuzisoma bili zake, aligundua kwamba hakupata kamwe kuzidisha gigabaiti 2, kwa kuwa kazini na nyumbani alitumia Wi-Fi. Alikuwa akilinda ghala ambalo hakulijaza. Alinunua simu mpya mwezi uliofuata. Nyanya alimwona vizuri kwa mwaka mmoja na miezi michache, kisha akatutoka.

Hitimisho

Anayekabiliwa na uamuzi wa aina hii leo, awe Minneapolis au Kisumu, na ajiulize maswali matatu kabla ya kutamka methali. Kwanza, bili zangu za miezi michache iliyopita zinaonyesha ninatumia kiasi gani? Pili, nikijumlisha bei ya simu na ya data kwa muda wote wa mkataba, napata jumla gani? Tatu, neno "bila kikomo" katika mkataba huu linaondoa kikomo cha nini, na linakiacha kipi? Usiache mbachao, ndiyo. Lakini wahenga hawakutukataza kuukunjua mkeka wetu tukatazama kama bado unalalika.