Jina ndilo huuza gari, na ndilo utakalobeba ukibadilisha kazi

Simama stejini Naro Moru siku ya soko, uangalie magari yanayopita kati ya Nyeri na Nanyuki. Kuna matatu, kuna Probox zilizoinama nyuma kwa mzigo, kuna pikapu na malori ya viazi na kabichi kutoka Kieni. Sasa muulize dereva yeyote mbona alinunua hilo lake. Hatakuhubiria nguvu ya injini. Atakwambia tu, "Spea ziko, na kila fundi analijua." Hapo umepewa somo la biashara ya magari kwa sentensi moja, tena bila karo.

Haya, tuseme ni wewe. Umemaliza digrii ya ualimu, umesajiliwa na TSC, na sasa unangoja tu. Uko nyumbani unamsaidia mama kuchimba viazi. Binamu yako aliye Nyeri mjini anapiga simu: "Kuna yadi ya magari inatafuta mtu wa kuuza. Mwanzo ni kamisheni tu." Moyoni unajiuliza: nilisoma miaka minne ndiyo nije kubembeleza watu wanunue gari? Kijiji kitasema nini?

Kabla hujakata simu, mfikirie Rita Kavashe.

Miaka 16 ya katikati

Kavashe alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka wa 1995 akaingia General Motors hapa Kenya, kampuni inayounganisha magari kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi. Hakuanzia juu. Alipanda ngazi, akapitia mauzo na masoko, na mwaka wa 2011 akawa mkurugenzi mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho pale.

Piga hesabu: miaka 16. Sisi hupenda kusimulia mwanzo na mwisho wa safari kama hii, halafu tunaruka katikati. Na katikati ndiko watu hujua kama neno lako lina uzito au la.

Kisha 2017 ikaja. General Motors ya Marekani iliuza hisa zake, asilimia 57.7, kwa Isuzu ya Japani, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Kwa bosi yeyote hiyo ni ndoto mbaya: bango la mlangoni linashushwa na wateja wanaanza kuulizana maswali. Lakini hebu jiulize, ni mkulima gani wa Kieni aliwahi kujisifu kwamba amenunua General Motors? Walikuwa wakisema "nimenunua Isuzu" tangu zamani. Bango lilibadilika, jina lililokuwa mdomoni mwa mteja likabaki lile lile. Na Kavashe akaendelea kushika usukani.

Wewe pia una majina mawili. "Mwalimu" ni bango. Jina lako lenyewe ni lile watu husema ukishaondoka: "Huyo akikuahidi, atatimiza." Au kinyume chake.

Muulize guka kuhusu Peugeot

Ukidhani jina zuri ni urithi wa milele, muulize guka kuhusu Peugeot 504. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, likashinda tena 1978. Watu walijipanga kando ya barabara kuona magari yakipasua matope na vumbi, na kila mmoja aliondoka na hesabu yake kichwani: kama limestahimili Safari, njia ya kwenda shambani kwangu italishinda vipi? Hakuna tangazo la redio lingefanya kazi hiyo.

Leo ukipita stejini utatafuta Peugeot mpaka uchoke. Mitumba ya Japani iliingia kwa wingi, bei nafuu, spea zikajaa kila mahali, mafundi wakajifunza. Sifa ikahamia huko. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema kikikosa spea, watu huacha kukiulizia.

Mnunuzi wa Kieni hataki hotuba

Mkulima wa viazi akiingia kwenye hiyo yadi, maswali yake ni matatu. Litabeba magunia mangapi ya kilo 50? Mvua ikinyesha, litatoka shambani? Na likinikwamia Jumamosi, nani atachukua simu yangu?

Mwalimu mzuri huanzia pale mwanafunzi alipo. Ukimsikiliza huyo mzee kwanza, halafu ukamweleza mkopo bila kumficha riba, digrii yako inafanya kazi. Hujaitupa.

Lakini mtihani wenyewe uko mbele. Siku moja utaambiwa uuze gari ambalo unajua mita yake imerudishwa nyuma. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa, sawa, ila umri hausemi gari limepitia nini. Kamisheni yake italipa nyumba yako miezi miwili. Mnunuzi ni jirani ya tata yako, na pesa ni za msimu mzima wa viazi. Utasema au utanyamaza?

Nairobi unaweza kujificha. Naro Moru ni mji wa barabara moja, buda. Gari likimfia mwezi wa pili, mtakutana kanisani, mtakutana kwenye mchango wa matanga, mtakutana stejini. Naye atakuwa ameshawaambia wengine.

Sitakudanganya: ukisema ukweli unaweza kukosa ile kamisheni, na hata kazi. Hiyo ni hasara ya kweli kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Ila kazi ni kitu utakachobadilisha tena na tena. Kesho utauza bima, kesho kutwa TSC itakuita, au utafungua biashara yako. Watu wa kwanza utakaowapigia simu ni hawa hawa uliowauzia magari. Watachukua simu, au wataiangalia ikilia.

Binamu bado anangoja jibu. Kabla hujauliza mshahara, muulize hivi: "Mteja akirudi na malalamiko, huwa mnampokea vipi hapo?" Akijibu, utajua kama unaitwa mahali pa kujenga jina lako au pa kuliuza.