Mizani ya Asubuhi Humlinda Mgonjwa wa Moyo Nyumbani

Moyo ukishindwa kusukuma damu ipasavyo, maji hujikusanya mwilini polepole. Mara nyingi mizani huyaonyesha siku kadhaa kabla ya mgonjwa kuanza kuhema. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Kwa hivyo, mgonjwa aliyekuwa na kilo 62 siku ya Jumatatu na 64 siku ya Alhamisi huenda hajanenepa, bali amejaa maji. Akipiga simu mapema, daktari anaweza kurekebisha dawa naye akabaki nyumbani. Akisubiri hadi ashindwe kupumua, atalazwa.

Mgonjwa afuatiliwe hivi:

• Apimwe uzani kila asubuhi kwa mizani ileile, baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Uzani uandikwe kwenye daftari.
• Miguu ibonyezwe kwa kidole juu ya kifundo. Kikiacha shimo, kuna maji.
• Mito ihesabiwe. Aliyezoea mto mmoja akihitaji mitatu ili apumue, hali imebadilika.

Uzani ukiongezeka kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, piga simu kwenye kliniki yake siku hiyohiyo. Akihema akiwa ametulia, akizirai au akiumwa na kifua, apelekwe hospitali mara moja.

Katika Mwea, ni rahisi kudhani kwamba miguu imevimba kwa sababu ya kushinda kwenye majaruba ya mpunga. Usikisie, mpime. Pia, mgonjwa asinunue dawa za maumivu ya mgongo kama vile diclofenac na ibuprofen bila kumuuliza daktari, kwani huzuia maji mwilini. Apunguze chumvi, na asiache dawa zake hata akijisikia nafuu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa kote nchini kuanzia Septemba 2023, wana mashine ya kupima shinikizo la damu na simu ya kunakili taarifa za kila boma. Mweleze wa kijiji chako kwamba una mgonjwa wa moyo, na umwonyeshe daftari.

Daftari hilo lisiachwe nyumbani siku ya kliniki, iwe ni Kimbimbi au Kerugoya. Humwonyesha daktari yaliyotokea tangu alipomwona mgonjwa mara ya mwisho.