Daraja la Glenfinnan: Zege lisilo na nondo linalobeba treni tangu 1901

Katika milima ya magharibi mwa Scotland, daraja la reli lenye matao 21 lingali linapitisha treni zaidi ya karne moja tangu lifunguliwe, ingawa ndani ya zege lake hamna nondo. Anayetaka kuunda mfano wake mdogo wa kuweka nyumbani hulazimika kwanza kuelewa kwa nini halijaanguka.

Daraja hilo la Glenfinnan lina urefu wa mita 380, na katikati ya bonde reli hupita takriban mita 30 juu ya ardhi. Ujenzi ulianza mwaka 1897, na njia ya kwenda bandari ya uvuvi ya Mallaig ikafunguliwa Aprili 1901. Katika miaka hiyo hiyo, reli ya Uganda ilikuwa ikisonga kutoka Mombasa kuelekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901. Huko, mabonde ya Mau yalivukwa kwa madaraja ya chuma.

Kwa nini zege?

Mkandarasi wa Scotland, Robert McAlpine, alikuta mwamba mgumu mno kuchongwa kuwa matofali ya mawe. Hata hivyo, mawe hayo yaliyopasuliwa kwa baruti yalifaa kusagwa kuwa kokoto. Akaamua kujenga kwa zege, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida kwa madaraja makubwa ya reli, na watu wakamwita Bob wa Zege.

Zege hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Umbo la tao huondoa udhaifu huo: uzito wa treni husukumwa pande zote mbili hadi kwenye nguzo, nazo nguzo huupeleka ardhini. Kwa hiyo zege la tao hubanwa zaidi kuliko linavyovutwa. Kukosekana kwa nondo kuna faida nyingine, kwani hakuna chuma cha kushika kutu, kuvimba na kulipasua zege kutoka ndani, maradhi yanayoyasumbua madaraja mengi yaliyojengwa baadaye.

Hii haina maana kwamba daraja halizeeki. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, na yakiganda wakati wa baridi huzipanua. Mwaka 2024 shirika la Network Rail, linalosimamia njia za reli Uingereza, lilianza kazi ya kulikarabati zege hilo.

Mita 380 ndani ya chumba

Kipimo kinachotumiwa sana na waundaji wa mifano ya reli nchini Uingereza ni 1 kwa 76. Kwa kipimo hicho, Glenfinnan huwa na urefu wa mita 5 na kimo cha sentimita 40, na uwazi wa kila tao, ambao kwa kweli ni mita 15, huwa sentimita 20. Ni nyumba chache zenye nafasi hiyo. Kwa kipimo cha 1 kwa 148, urefu hushuka hadi karibu mita 2.6. Asiye na nafasi hata hiyo hupunguza idadi ya matao. Akiamua badala yake kuyapanua matao au kuzinenepesha nguzo, daraja hupoteza wembamba wake, nalo jicho hugundua mara moja.

Kazi ngumu zaidi ni kuiga sura ya zege. Rangi ya kijivu pekee haitoshi. Zege halisi lina mistari iliyoachwa na mbao zilizolishikilia lilipokuwa bichi, pamoja na michirizi myeusi mahali maji yanapoteremka. Fundi makini huichonga mistari hiyo mmoja mmoja.

Farasi aliyezikwa ndani

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba farasi na mkokoteni wake walitumbukia ndani ya nguzo ya Glenfinnan wakati wa ujenzi. Mwaka 1987 Profesa Roland Paxton aliingiza kamera ndani ya nguzo mbili pekee zenye ukubwa wa kutosha, lakini hakuona farasi. Mwaka 2001, uchunguzi wa kupiga picha ndani ya zege ulionyesha mabaki ya farasi na mkokoteni katika nguzo ya kati ya daraja la Loch nan Uamh, lililo kwenye njia hiyo hiyo. Kisa kilikuwa cha kweli. Kilichokosewa ni mahali.

Farasi huyo amesimuliwa kwa zaidi ya karne moja. Vibarua waliopanga mbao na kumwaga zege hawakupata bahati hiyo, na wageni wengi wanaofika leo kulipiga daraja picha hawajui jina la hata mmoja wao. Alama ya mikono yao ni ile mistari ya mbao, inayoonekana bado kwa anayesogea karibu.