Jicho Litangulie, Saa Ifuate

Anayetaka taa ya nje iwake na kuzimika yenyewe ana njia mbili: swichi yenye saa, inayofuata ratiba, au swichi yenye jicho, inayopima mwanga. Kwa mtazamo wa kwanza, mtaa wa Keshero, magharibi mwa Goma, ungeonekana kufaa saa. Mji huu uko chini ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na wakati wa jua kutua husogea kwa nusu saa hivi tu. Kaskazini mwa Ulaya ratiba ingebadilishwa mara kwa mara. Kwa Goma, ratiba ukiipanga leo, mwakani bado inafaa. Hata hivyo, huko Keshero ni jicho linalostahili kutangulia.

Sababu ni umeme wenyewe. Mbali na SNEL, shirika la umeme la taifa, mji unahudumiwa na kampuni za Virunga Energies, yenye mtambo wa maji wa Matebe huko Rutshuru, wa megawati 13 hivi, na Nuru, ambayo mtambo wake wa jua wa megawati 1.3 ulianza kazi mwaka 2020. Vyanzo vimeongezeka, lakini umeme bado hukatika. Vita vya Januari 2025 viliuacha mji gizani kwa siku kadhaa. Swichi ya saa ya kuzunguka hulala pamoja na umeme. Ukikosekana kwa saa tano, taa iliyopangwa kuwaka magharibi itawaka saa tano baadaye, usiku umeshaingia. Jicho halina cha kusahau: umeme ukirudi, hutazama anga na kuamua upya.

Wapo watakaosema mlinzi anatosha kubonyeza swichi. Lakini gizani nani anakumbuka kama swichi iliachwa ikiwa imewashwa? Umeme ukirudi asubuhi, taa huwaka juani bila mtu kuitambua. Taa ya wati 20 ikiwaka hivyo saa 12 kila siku hula uniti 7 kwa mwezi, na mita ya kulipia kabla haiulizi kama ulihitaji mwanga. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba jicho hudanganyika. Vumbi jeusi la lava likilifunika, huona usiku mchana. Likitazamana na taa yake lenyewe, huizima na kuiwasha bila kukoma. Dawa yake ni kulifuta mara kwa mara na kulielekeza angani, mbali na taa. Radi na taa za magari hazilisumbui likiwa la aina inayosubiri kidogo kabla ya kuamua.

Saa haitupwi. Ile ya kidijitali yenye betri, inayokumbuka wakati umeme ukikatika, iunganishwe baada ya jicho: jicho liwashe taa zote giza likiingia, saa izime za bustani usiku wa manane, ya lango iachwe hadi alfajiri. Giza hujulikana kwa kutazama. Saa ya kulala huamuliwa na mwenye nyumba.