Kijani cha malakiti kikifika mashineni

Malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka kwenye machimbo ya shaba ya Kolwezi, nchini Kongo (DRC), hung'aa kwenye kioo cha kompyuta. Likichapwa kwenye kalenda, mara nyingi hutoka limefifia. Buluu kali inayochaguliwa kuiwakilisha kobalti, madini mengine ya huko, ndiyo yenye balaa zaidi: hugeuka zambarau.

Mchapaji hulaumiwa bure. Kioo huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na wino huo haufiki kila mahali mwanga unapofika. Afadhali msanifu abadilishe rangi ziwe za wino mapema, aone hasara kwa macho yake na kuchagua buluu nyingine, kuliko kuigundua nakala elfu moja zikiwa zimeshakauka.

Baada ya rangi huja faili. Kampuni ya Adobe ilileta PDF mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vilevile popote unapofunguliwa. Hata hivyo, PDF ya kawaida inaweza kukosa fonti au kubeba rangi za kioo. Ndiyo maana mwaka 2001 shirika la viwango duniani, ISO, likatoa PDF/X-1a: fonti zote ziwemo ndani, rangi ziwe za wino tu, na faili itaje aina ya uchapaji iliyokusudiwa. PDF/X-4, iliyofuata baadaye, inakubali pia picha na vivuli vinavyoonyesha kilicho chini yake.

Suala la fonti lina uzito katika mkoa wa Lualaba, uliko mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili na Kifaransa hukaa kwenye bango moja. Fonti isipopachikwa, mashine huweka nyingine badala yake, na herufi kama é au ç zinaweza kugeuka vijisanduku vitupu.

Picha nazo hudai nukta 300 kwa inchi. Picha ya pikseli 1,600 iliyopitia WhatsApp inatosha sentimita 13 na nusu tu, ilhali urefu wa A4 ni sentimita 29.7. Kuivuta kwa nguvu hakuiongezei chochote.

Ukingoni, rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, hivyo A4 iandaliwe kwa milimita 216 kwa 303. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakiundwa kwa wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu herufi hupata kivuli cha rangi.

Kazi ikienda kuchapwa Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi, mteja aulize kwanza karatasi itakuwa ya kung'aa au ya kawaida, kwa sababu ya kawaida hunywa wino zaidi, kisha aombe nakala moja ya majaribio.