Babu Alikuwa Fayamani wa Meli

Nyumbani kwetu Logiri tuliambiwa kwamba babu alikuwa "fayamani baharini". Sisi wajukuu tukadhani alikuwa zimamoto huko Mombasa, tukamtafuta huko kwa muda mrefu bila mafanikio. Kumbe tulikosea mara mbili!

Bahari yake ilikuwa Ziwa Albert. Bandarini Butiaba ndiko ilikokaa meli ya mvuke Robert Coryndon ya mwaka 1930, iliyozama miaka ya 1960 ziwa lilipofurika. Stima nyingine zilishuka Mto Nile toka Pakwach hadi Nimule, zikipitia Rhino Camp.

Tena fayamani wa meli hakuzima moto, bali aliuchochea. Alilisha tanuri, maji yakachemka, mvuke ukaendesha mitambo. Nahodha alionekana juu. Yeye alibaki chini katika joto kali.

Ndugu msomaji, waulize wazee wako jina la meli na la bandari. Kisha tafuta cheti cha kazi sandukuni: tangu mwaka 1948 stima hizo zilikuwa za Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Fanya hima, kwani mzee akifa huondoka na habari zake.